Kichujio Hakiaminiwi Kabla ya Kupimwa: Mhadhara juu ya Mafunzo ya Wapimaji wa Hewa katika Vituo vya Nyuklia

Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, kinu namba 2 cha umeme wa nyuklia katika kisiwa cha Three Mile, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilipoteza maji yake ya kupoozea na sehemu ya fueli ikayeyuka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, tume iliyoundwa na Rais na kuongozwa na John Kemeny, mwanahisabati na mkuu wa Chuo cha Dartmouth, ilitoa ripoti yake. Watu wengi walisoma habari za vali iliyokwama wazi na za waendeshaji waliopotoshwa na vipimo vya chumba cha uendeshaji. Ripoti hiyo ilikuwa pia na maneno machache kuhusu vichujio vya hewa, na maneno hayo yalistahili kelele zaidi ya yaliyopata.

Tume ilieleza kwamba mkaa uliowekwa kunasa iodini yenye mionzi ulikuwa umepungua nguvu kabla ya ajali, kwa sababu ya matumizi yasiyofaa. Upimaji uliotakiwa kufanyika kwa vichujio vya jengo la kuhifadhia fueli ulikuwa umesamehewa na mamlaka ya udhibiti yenyewe. Kwa vichujio vya jengo jirani lenye mitambo ya huduma, hapakuwa na sharti lolote la kuhakikisha kwamba vinafanya kazi. Iodini iliyotoka siku ile ilikuwa kidogo, kwani sehemu kubwa ilibaki ndani ya maji. Ingetoka nyingi, kituo kingeikabili kwa mkaa uliochoka ambao hakuna aliyejua umechoka kiasi gani.

Hoja ya mhadhara huu imo katika tukio hilo. Kichujio hakimlindi mtu kwa kuwepo tu. Kinachomlinda ni kichujio kilichopimwa kikiwa mahali pake, kwa ratiba isiyosamehewa, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo hadi akaijua. Nchi zenye vituo vya nyuklia zimelipa gharama kubwa kulijua jambo hili, na nchi zinazojiandaa kuvijenga zinaweza kulijifunza kwa bei nafuu.

Hewa ina njia yake

Katika kituo cha nyuklia hewa haiachwi itembee itakavyo. Feni hupunguza shinikizo ndani ya vyumba vyenye hatari ili liwe dogo kuliko la kumbi na ofisi. Mlango ukifunguliwa, hewa huingia kwenye chumba kichafu badala ya kutoka. Hewa hiyo lazima itoke hatimaye, na hupitishwa kwenye chumba cha vichujio kabla ya kufika kwenye bomba la kutolea nje.

Ndani ya chumba hicho kuna safu kadhaa. Ya kwanza huondoa matone ya maji, kisha hita hukausha unyevu uliosalia. Kichujio cha awali huzuia vumbi kubwa. Baada yake huja safu ya vichujio vya HEPA, kisha vitanda vya mkaa, kisha safu ya pili ya HEPA ya kukamata unga wa mkaa wenyewe endapo utapeperuka. Kila safu ina fremu, boliti, mipira ya kuzibia na mishono ya kuchomelea, na kila kimojawapo kinaweza kuvuja.

Kichujio kimoja cha HEPA cha ukubwa uliozoeleka ni sanduku la mraba lenye upande wa sentimita 61 na kina cha sentimita 29 hivi. Ndani yake kuna karatasi ya nyuzi za kioo iliyokunjwa mara nyingi, na hewa inayopita hufikia mita za ujazo 1,700 kwa saa. Sharti lake la kiwandani linafahamika duniani kote: kizuie angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye kipenyo cha mikromita 0.3.

Kwa nini 0.3, wala si chembe ndogo zaidi? Chembe kubwa hushindwa kupinda pamoja na hewa inapozunguka nyuzi, kwa hiyo huzigonga na kunasa. Chembe ndogo sana huyumbishwa huku na huku na molekuli za hewa, na katika kuyumba huko hukutana na nyuzi na kunata. Zilizo katikati ni nzito mno kuyumbishwa sana na nyepesi mno kukosa kona. Hizo ndizo hupenya kwa urahisi zaidi, ndiyo maana kichujio hupimwa kwa adui wake mgumu kuliko wote. Mpimaji asiyeielewa sababu hii atadhani kwamba namba 0.3 ni mwisho wa uwezo wa kichujio, ilhali ni mahali kilipo dhaifu kuliko kwingine.

Kutoka kinyago cha vita hadi kinu

Karatasi ya kichujio cha HEPA ilianzia vitani. Katika Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Uingereza na Marekani walichunguza vinyago vya gesi vya Wajerumani na kukuta karatasi yenye nyuzi za asbesto iliyozuia moshi kuliko yoyote waliyokuwa nayo. Kikosi cha Kemikali cha Jeshi la Marekani kikaiboresha, na mradi wa Manhattan, uliokuwa ukitengeneza bomu la atomu kwa siri, ukaihitaji kwa ajili ya maabara na viwanda vyake.

Historia hiyo inagusa pia ardhi ya wasemaji wa Kiswahili. Urani ya mradi ule, kwa sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi katika Katanga. Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, alikuwa ameshahamishia New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo kabla jeshi halijamfuata. Nchi iliyoyapokea ilianza mapema kuwatafutia wafanyakazi wa maabara zake namna ya kuchuja hewa. Huko Katanga kwenyewe, wachimbaji waliyatoa madini hayo ardhini katikati ya vumbi lake.

Baada ya vita, Tume ya Nishati ya Atomu ya Marekani ilianza kuwakutanisha wataalamu wa usafishaji wa hewa. Mikutano hiyo ilianza mwaka 1951, na Maabara ya Kusafisha Hewa ya Chuo Kikuu cha Harvard ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1970 C. A. Burchsted na A. B. Fuller wa maabara ya Oak Ridge walichapisha kitabu cha mwongozo juu ya usanifu na upimaji wa mifumo hii. Kimeandikwa upya zaidi ya mara moja, na toleo la Wizara ya Nishati ya Marekani la mwaka 2003 limefunguliwa mezani na wahandisi kwa miaka mingi. Viwango vya upimaji navyo vikafuata: N510 mwaka 1975, kanuni ya AG-1 ya Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, na baadaye N511. Vifungu vingi vya viwango hivyo vina tukio nyuma yake.

Mioto miwili ya mwaka 1957

Tarehe 11 Septemba 1957, moto ulizuka katika jengo namba 771 la kiwanda cha Rocky Flats karibu na Denver, mahali palipokuwa pakitengenezwa sehemu za plutoniamu za mabomu. Ulianzia katika masanduku yenye glavu ambamo wafanyakazi huishika plutoniamu bila kuigusa, kisha ukafuata mkondo wa hewa hadi kwenye vichujio. Vichujio vile vilikuwa vya malighafi inayoungua. Mamia yake yaliteketea, na kizuizi cha mwisho kati ya plutoniamu na anga kikageuka kuwa kuni. Tangu hapo, uwezo wa kichujio kustahimili moto hauulizwi baadaye: hukaguliwa kabla hakijanunuliwa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Oktoba, moto uligunduliwa ndani ya kinu namba 1 cha Windscale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kinu kile kilipoozwa kwa hewa ya kawaida iliyosukumwa na feni kupita katikati ya grafiti na urani, kisha ikatolewa kupitia bomba lenye urefu wa takriban mita 120. Kileleni mwa bomba palikuwa na chumba kikubwa cha vichujio. Kilikaa huko juu kwa sababu uamuzi wa kukijenga ulikuja wakati bomba limeshaanza kuinuka. Aliyeshikilia uamuzi huo ni Sir John Cockcroft, mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa nyuklia cha Harwell na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1951. Baadhi ya wenzake waliona ni fedha ya bure, na chumba kile kikapewa jina la Upumbavu wa Cockcroft. Baada ya moto, hakuna aliyelitumia tena jina hilo kwa kebehi.

Vichujio vile vilizuia sehemu kubwa ya chembechembe. Havikuizuia iodini iliyokuwa katika hali ya mvuke. Ilitua kwenye nyasi, ng'ombe wakala, na maziwa ya eneo la takriban kilomita za mraba 500 yakamwagwa ili watoto wasiyanywe. Iodini 131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, lakini katika siku hizo hukimbilia tezi ya shingoni, na tezi ya mtoto ndiyo inayodhurika zaidi. Funzo lilikuwa wazi: karatasi ya vumbi haizuii mvuke, kwa hiyo kila hatari inahitaji kizuizi chake na kipimo chake.

Ndani ya chumba cha mafunzo

Chuo cha Afya ya Umma cha Harvard mjini Boston kimeendesha kwa miaka mingi mafunzo mafupi ya kupima vichujio mahali pake. Profesa Melvin First, aliyetumia maisha yake ya kazi katika utafiti wa usafishaji wa hewa, ni miongoni mwa waliojenga utamaduni huo. Mafunzo ya namna hii huwakutanisha mafundi wa vituo vya umeme, wahandisi wa mifumo ya hewa, watu wa maabara na wakaguzi wa serikali. Hakuna anayefuzu kwa kusoma vitabu pekee. Sharti aingie kwenye chumba cha vichujio na vifaa mkononi.

Kazi huanza na macho. Mwanafunzi huingia upande mmoja wa safu akiwa na tochi, taa zikazimwa, na mwenzake akamulika kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya mahali, hewa nayo itapenya. Hutazama iwapo mikunjo ya karatasi imesimama wima, kwa maana kichujio kilichowekwa kiubavu hulegea kwa uzito wa vumbi lake. Hupitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia kuona umebanwa sawasawa pande zote nne. Hutafuta nyufa kwenye mishono ya kuchomelea, na hutafuta viraka: gundi, utepe au silikoni iliyopakwa na fundi mwenye haraka. Viraka vya namna hiyo havikubaliki kwenye mfumo wa nyuklia hata kama vinaziba kwa siku hiyo, kwa sababu hakuna anayejua vitashika kwa muda gani katika joto na mionzi.

Kisha hupimwa mkondo wa hewa wenyewe. Kiasi cha hewa kinapaswa kuwa ndani ya asilimia 10 ya kile kilichosanifiwa, na kasi yake isitofautiane mno kati ya kichujio na kichujio. Hewa ikienda polepole mno, kipimo hakiwakilishi hali ya kazi. Ikienda kasi mno, mkaa haupati muda wa kunasa iodini.

Hatua inayofuata huwaangusha wanafunzi wengi. Ukungu wa mafuta hupulizwa kwenye mkondo, mbele ya vichujio. Kwa miaka mingi yalitumika mafuta ya aina ya DOP, lakini hofu ya madhara yake kwa afya ilivifanya vituo vingi vihamie kwenye mafuta mengine ya kutengenezwa yaitwayo PAO. Kabla ya kupima chochote, mwanafunzi anatakiwa kuthibitisha kwamba ukungu umechanganyika na hewa yote. Huchukua sampuli katika sehemu mbalimbali za mkondo, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kupishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 20. Ukungu ukipita upande mmoja tu, tundu lililo upande wa pili halitaonekana, na mfumo mbovu utapata cheti kizuri.

Sasa fotomita inawashwa. Ni kifaa kinachomulika sampuli ya hewa na kupima mwanga unaotawanywa na chembe zilizomo. Sampuli ya kabla ya vichujio hupewa thamani ya 100, na hewa safi hupewa sifuri. Kisha huchukuliwa sampuli ya baada ya vichujio, mara nyingi nyuma ya feni, kwa kuwa feni huikoroga hewa na kuuleta uvujaji wowote kwenye mrija wa sampuli. Mwongozo namba 1.52 wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani unataka usomaji uwe chini ya asilimia 0.05 kwa mifumo ya dharura.

Namba hiyo ni ndogo kwa macho lakini si ndogo kwa hewa. Kichujio kimoja kinachopitisha mita za ujazo 1,700 kwa saa, kikivuja asilimia 0.05, huachia lita 850 za hewa isiyochujwa kila saa. Ukiwa na safu ya vichujio 30, zidisha.

Zoezi la kawaida la mafunzo huenda hivi: mkufunzi hulegeza nati moja ya fremu bila wanafunzi kujua. Fotomita inasoma 0.3. Mwanafunzi mgeni husema kichujio ni kibovu, kibadilishwe. Mwenye uzoefu hushika mrija wa sampuli na kuupitisha taratibu kando ya fremu, kona hadi kona, huku akitazama skrini. Namba inapanda ghafla kwenye kona ya chini. Anaona nati, mkono unamwasha aikaze. Hapo mkufunzi humzuia.

Kwanza aandike. Hali iliyokutwa huandikwa kabla ya ufunguo kugusa nati, na hali iliyoachwa huandikwa baadaye. Fundi akikaza kwanza kisha akapima, karatasi itaonyesha mfumo mzima usio na dosari, na hakuna atakayejua kwamba kituo kimefanya kazi kwa miezi kadhaa kikivuja. Mamlaka ya udhibiti itakosa habari, msanifu atakosa habari, na nati ileile italegea tena. Kati ya yote yanayofundishwa katika mafunzo haya, hilo ndilo la kwanza kwa uzito, kwa kuwa linahusu uaminifu wa mtu kuliko ustadi wa mikono yake.

Zoezi hilo hufundisha pia tofauti kati ya vipimo viwili ambavyo wengi huvichanganya. Kiwandani hupimwa ubora wa kichujio kwa chembe za ukubwa mmoja. Nchini Marekani, Wizara ya Nishati huongeza hatua: vichujio vya vituo vyake vyenye hatari kubwa hupitia kituo huru cha upimaji karibu na Baltimore kabla ya kusafirishwa. Kipimo cha mahali pake hutumia ukungu wa chembe za ukubwa mbalimbali, na kazi yake ni kutafuta njia za mkato. Chandarua chenye matundu madogo kabisa hakimfai kitu mtu asiyekichomeka chini ya godoro. Kichujio chenye cheti cha asilimia 99.97 kinaweza kuangushwa kwenye lori, kufungwa kwa fremu iliyopinda, au kukazwa upande mmoja, na cheti chake kisibadilike hata herufi.

Mkaa wa vifuu na unyevu wa pwani

Mkaa unaonasa iodini hutengenezwa mara nyingi kwa vifuu vya nazi. Kifuu ni kigumu, na kikichomwa kwa utaratibu maalumu pamoja na mvuke hubaki na vitundu vidogo mno visivyohesabika, kiasi kwamba gramu moja huweza kuwa na eneo la ndani la takriban mita za mraba 1,000. Iodini ya kawaida hushikwa na mkaa huo moja kwa moja. Iodini iliyoungana na kaboni, hasa ile iitwayo methili iodidi, huteleza. Kwa ajili yake, mkaa hulowekwa kemikali kama potasiamu iodidi au TEDA, inayoishika au kubadilishana nayo atomu zisizo na mionzi.

Hewa hukaa ndani ya kitanda cha mkaa chenye unene wa sentimita 5 kwa takriban robo ya sekunde. Muda huo ndio wote uliopo, na mkaa uliochoka haupati mwingine.

Mkaa unachoka hata kama hakuna ajali. Kila mvuke unaopita hujaza vitundu vyake. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka sampuli ya mkaa ipelekwe maabara baada ya saa 720 za kazi, na tena baada ya moto, kumwagika kwa kemikali, au kupaka rangi katika vyumba vinavyopeleka hewa kwenye mfumo. Fundi wa rangi akiupaka ukuta wa ukumbi, viyeyusho vya rangi vinaweza kutumia nafasi iliyowekewa iodini. Mpimaji mwenye mafunzo hudai kuona kumbukumbu za ukarabati wa jengo kabla hajafungua kisanduku chake cha vifaa.

Maabara zenyewe ziliwahi kujidanganya. Kwa miaka mingi vituo vingi vilipima sampuli za mkaa katika joto la nyuzi 80 au hata 130, na majibu yakatoka mazuri kupita ukweli, kwa kuwa joto kubwa huufanya mkaa uonekane na nguvu usizokuwa nazo. Juni 1999 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia iliviandikia vituo vyote barua ikivitaka vifuate kipimo kimoja: nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 95. Hiyo inakaribiana na hali ya joto na unyevu ambayo mkazi wa Tanga au Mombasa anaifahamu wakati wa masika. Ndiyo hali ngumu kwa mkaa, maana maji hugombea vitundu vilevile na iodini. Nchi ya pwani itakayojenga kituo cha nyuklia itaikuta hali inayokaribiana na hiyo nje ya mlango, mwaka baada ya mwaka.

Uvujaji wa vitanda vya mkaa hupimwa kwa gesi. Zamani ilitumika R-11, gesi ya majokofu, hadi Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulipoanza kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Wapimaji walilazimika kujifunza gesi mbadala, kusanifu upya vifaa vyao, na kuthibitisha kwamba kipimo kipya kinaona kile ambacho kipimo cha zamani kiliona. Mafunzo ya kazi hii hayaishi kwa cheti kimoja.

Vilango vilivyovuja

Usiku wa tarehe 14 Februari 2014, pipa la taka za nyuklia lilipasuka chini ya ardhi katika hifadhi ya WIPP, jimbo la New Mexico. Taka zake za chumvi za naitreti zilikuwa zimechanganywa na mchanga wa choo cha paka wa asili ya mimea, na mchanganyiko huo ukapata joto wenyewe. Kengele ya kupima hewa ililia, na mfumo ukahamisha mkondo wa hewa kwenda kwenye vichujio kama ulivyosanifiwa. Vichujio vilifanya kazi yake. Vilango vya chuma vilivyotakiwa kufunga njia ya pembeni havikuziba sawasawa, na kiasi kidogo cha plutoniamu na amerisiamu kikatoka nje bila kuchujwa. Zaidi ya wafanyakazi 20 walikutwa na mionzi kidogo mwilini, na hifadhi ilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kupokea taka. Mpimaji anayeangalia vichujio peke yake amepima nusu ya mfumo.

Katika kituo cha Fukushima nchini Japani, vichujio vilitoa ushahidi. Jengo la kinu namba 4 lililipuka tarehe 15 Machi 2011, ingawa kinu hicho hakikuwa na fueli ndani. Hidrojeni iliyolipuka ilitoka wapi? Mwezi Agosti wahandisi walipima mionzi kwenye vichujio vya mfumo wa dharura wa jengo hilo. Vichujio vya upande wa kutokea vilikuwa na mionzi mingi zaidi, vya upande wa kuingilia vilikuwa na kidogo zaidi. Hewa ilikuwa imeingia kinyumenyume, kutoka kinu namba 3, kupitia mabomba yaliyounganishwa kwenye bomba moja la kutolea hewa nje. Aliyejua jinsi kichujio kinavyojaa aliweza kusoma mwelekeo wa mkondo uliopita miezi mitano kabla.

Pa kuanzia Afrika Mashariki

Kenya ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia mwaka 2019. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, iliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Uganda ilipitisha sheria yake ya nishati ya atomu mwaka 2008. Kenya na Uganda zimetangaza nia ya kuzalisha umeme wa nyuklia. Mjadala wa hadhara umejaa megawati, mikopo na maeneo ya ujenzi. Wapimaji wa vichujio hawatajwi, na hao hawaagizwi kwa meli pamoja na mitambo.

Kungoja kinu kijengwe ndipo waanze kufunzwa ni kosa, na si lazima kungoja. Ustadi huohuo unahitajika leo. Maabara za kifua kikuu zina makabati ya usalama wa kibayolojia ambayo usalama wake umo katika kichujio cha HEPA, mpira wa kuzibia na mkondo wa hewa. Hupimwa kwa ukungu uleule na fotomita ileile, na kiwango kinachotumika sana kwao kinataka uvujaji usizidi asilimia 0.01 wakati wa kukagua uso wa kichujio. Kabati linatakiwa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na tena kila linapohamishwa, hata kama ni kutoka chumba kimoja kwenda cha jirani. Katika tiba ya nyuklia, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam hutumia iodini 131 kutibu maradhi ya tezi, na popote iodini hiyo inapotayarishwa, hewa ya chumba ni sehemu ya usalama wa mtumishi.

Fundi aliyejifunza kupima kabati la maabara kwa uaminifu ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi ya kupima mfumo wa kinu. Anajua kuchanganya ukungu, kusoma fotomita, kutafuta kona inayovuja, na kuandika hali iliyokutwa kabla ya kuigusa. Kilichobaki ni mkaa, vilango, mionzi na nidhamu ya nyaraka, na hayo yanafundishika. Vyuo vya ufundi vya Nairobi, Arusha, Dar es Salaam na Kampala vinaweza kuanzisha somo hili kwa chumba kimoja cha mazoezi, feni moja, fremu ya vichujio na fotomita. Mamlaka za udhibiti nazo zinaweza kuanza sasa kudai kwamba anayesaini cheti cha upimaji awe amefuzu, na asiwe mwajiriwa wa muuzaji wa kifaa anachokipima.

Hospitali na maabara zinazonunua vifaa hivi ziandike kwenye mkataba kwamba kifaa kitapimwa baada ya kufungwa, mahali kitakapotumika, na kwamba majibu yote yatakabidhiwa, mabaya na mazuri. Na msomaji anayefanya kazi mbele ya kabati lenye kichujio aitazame kesho stika iliyobandikwa juu yake: imeandikwa tarehe gani, na imesainiwa na nani? Ikiwa imepita zaidi ya mwaka mmoja, au haipo kabisa, asimamishe kazi ya hatari na adai mpimaji aitwe.